Utando Usiopulizwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti. Nilikuwa nimekifunga ndani ya karatasi ya kaki, nikakibana kwapani tangu kivuko cha Likoni hadi Changamwe, nikiamini kitatakiwa mlangoni. Bwana Mkemia Mkuu hakukitazama. Alikuwa Mwingereza mrefu, koti lake jeupe lina matundu ya asidi kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Alinipa mpira mwembamba wenye neli ya kioo mwishoni. Kwenye neli ile ulikuwa umefungwa mfuko mwangavu, mfano wa kibofu cha mbuzi. Akautumbukiza ndani ya chombo cha maji.

"Puliza," akasema.

Nikapuliza kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa na haja ya kazi. Mfuko ukapasuka, maji yakaturukia mimi na yeye.

Nyuma yangu mtu akacheka. "Bwana, huyu Mdigo anadhani amepewa baragumu."

"Mfundishe, Kahindi," akasema Bwana Mkemia, akaondoka akijifuta uso.

Ndivyo nilivyokutana na Kahindi. Alinizidi kama miaka mitatu, alikuwa Mkristo wa kutoka juu ya Mazeras, na alipanga chumba Chaani. Sasa vijana wanaofanya kazi ya kuchuja protini wameniomba niwaeleze tulivyoifanya sisi, kabla ya mashine zao. Nitawaeleza. Lakini siwezi kuieleza kazi ile nikamwacha Kahindi, wala siwezi kumtaja Kahindi nikaliruka jambo nililomtendea, lililomtoa kwenye meza yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza dawa ya sumu ya nyoka. Farasi walifugwa bara, kwenye baridi, wakichomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yao ikajifunza kuishinda. Maji ya damu ile, yale ya rangi ya samli yanayobaki chembe nyekundu zikishatolewa, yaliletwa kwetu kwa gari moshi ndani ya masanduku ya barafu. Ndani yake mlikuwa na protini za kila namna, na ile iliyotakiwa ilikuwa chache katikati ya nyingi. Sisi wa Changamwe tuliletewa pipa, tukatoa chupa.

Miezi ya kwanza niliwekwa chumba cha chumvi. Tulitia chumvi ya amonia kidogo kidogo huku tukikoroga, mpaka protini zikajikusanya na kushuka chini. Mtu aliyewahi kuona tui likikatika jikoni ameshaiona kazi hiyo. Ukizidisha chumvi zinashuka zote, mbaya na nzuri. Ukiipunguza, nzuri inabaki juu na unaimwaga. Baadaye nikahamishiwa chumba cha maji. Huko protini tuliyoipata, sasa imejaa chumvi, ilitiwa ndani ya mifuko mirefu ya selofani na kuning'inizwa kwenye matangi. Chumvi ni ndogo, hupenya utando ikaenda majini. Protini ni kubwa, hubaki ndani. Tulibadilisha maji asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku tatu.

Nilipomweleza mama kazi yangu, alikuwa anakamua nazi. Akaniangalia juu ya kifumbu chake.

"Kwa hiyo unachuja tui."

"Ndiyo, mama, lakini sisi tunachotaka ni kinachobaki. Kinachopita tunamwaga."

"Mnamwaga tui mnakunywa machicha?" Akatikisa kichwa. "Wazungu hawa."

Mwaka wa pili nilipandishwa chumba cha tando, na hapo ndipo alipokuwa Kahindi. Kilikuwa chumba cha heshima. Mifuko ya selofani ilitoa chumvi, lakini ilituachia maji mengi mno, na dawa nyepesi haimfai aliyeumwa na nyoka, kwa sababu kwa sindano mkono wa mtu hauwezi kupokea ndoo. Ilibidi maji yatolewe bila kuchemsha, maana protini ikipata moto huiva kama yai. Kwa hiyo tulitengeneza tando zetu wenyewe kwa kolodioni, ambayo ni pamba iliyotiwa dawa kisha ikayeyushwa kwa etha na spiriti. Ni majimaji mazito, na harufu yake huingia kichwani.

Unamwaga kolodioni ndani ya neli pana ya kioo, unaizungusha upesi ienee pande zote, kama mpishi anavyozungusha mafuta kwenye chuma cha chapati. Unamimina iliyobaki, unaiacha ikauke kiasi, unajaza maji, kisha unauchomoa utando taratibu, mzima, kama soksi ya kioo. Hilo neno "kiasi" ndilo lililokuwa na elimu yote. Ukikauka sana matundu yanakuwa madogo mno na maji hayapiti. Usipokauka matundu yanakuwa makubwa na protini inatoroka. Bwana Mkemia alikuwa na karatasi ya dakika, ukutani. Kahindi hakuitazama.

"Karatasi hii imeandikwa kwao, penye hewa kavu," aliniambia. "Hapa hewa yenyewe imelowa. Gusa kwa kifundo cha kidole. Ukishika, bado. Ukiteleza, umechelewa. Unataka pale kidole kinaposita."

Na kama hewa ilikuwa na unyevu mwingi, utando ulitoka na doa jeupe, kama jicho la samaki aliyelala. Utando wa doa jeupe ulitupwa. Hatukujadiliana.

Utando uliokuwa mzuri tuliufunga kwenye neli, tukautia majini na kuupuliza. Pumzi ndogo, ya polepole, huku macho yako kwenye maji. Pakitoka uzi wa mapovu, una tundu. Kisha ulitiwa ndani ya chombo chake, dawa ikamiminwa ndani, bomba la maji ya mbio, ambalo mkondo wake hunyonya, likavuta kutoka nje, na maji safi yakawa yanapenya matone kwa matone hadi chupa ya kupokea. Maji yaliyopenya tuliyatia tone la asidi. Yakibaki meupe kama maji ya kisima, salama. Yakiingia ukungu, protini inavuja.

Bwana Mkemia alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukawa tunaiigiza kwa sauti yake tukila chakula cha mchana: "Aliyetengeneza hapulizi." Kila utando uliandikwa daftarini, na mbele yake alama mbili, ya aliyeutengeneza na ya aliyeupuliza. "Mtu huipenda kazi yake," alisema. "Nataka mtu asiyeipenda."

"Kwa hiyo mimi ndiye nisiyekupenda," Kahindi alikuwa akiniambia, na kuanza kupuliza.

Ramadhani ilipoingia tulijipangia wenyewe. Mpira ule, ukiacha kupuliza, maji yalirudi na kupanda kuelekea mdomoni, yana ladha ya etha. Niliihofia saumu yangu. Kahindi akasema, "Wewe tengeneza zote, mimi nipulize zote. Ila uniombee mapafu." Mwezi mzima alikula chakula chake nyuma ya chumba cha tangi la mvuke ili nisimwone. Siku moja nilimkuta huko amejikunja na muhogo wake, akauficha mgongoni kama mwizi. Nami sikukuu ya Pasaka nilishika zamu zake. Hakuna aliyetuamuru. Tulikuwa watu wawili tunaoheshimiana.

Ramadhani ya pili ilikutana na mwanzo wa masika. Siku ninayotaka kuisimulia kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Ndani ya chombo mlikuwa na dawa ya mwezi mzima, karibu kukamilika, na hospitali za pwani zilikuwa zinaingoja kwa sababu mvua huwatoa nyoka mashimoni na watu wako mashambani. Baada ya adhuhuri Kahindi alipata habari kwamba baba yake mdogo amefariki, na mazishi ni jioni ile. Bwana Mkemia alikuwa ameshakataza ruhusa mpaka dawa itoke.

Kahindi akanivuta kando. "Mwenzangu, nikikimbia sasa nalipata basi la Mazeras. Alfajiri niko hapa. Uliobaki ni utando mmoja tu. Nipulizie, unitilie alama yangu."

"Mimi nimefunga, Kahindi."

"Najua. Sikuombi kama ni dhambi. Mtafute hata mlinzi apulize."

"Nenda," nikamwambia. "Nitaona la kufanya."

"Utaona kweli?"

"Wallahi, nenda."

Akaenda. Nikatengeneza utando. Ulipotoka nikaona karibu na kitako chake doa jeupe, dogo kama kucha ya mtoto. Nataka ieleweke kwamba nililiona. Kuutupa na kutengeneza mwingine ni kazi ya saa nzima, na mimi nilikuwa na njaa, kichwa kinaniuma kwa etha, na kivuko jioni za Ramadhani kilikuwa na watu mpaka kwenye ngazi. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikupuliza kwa ajili ya saumu. Ni kweli nusu. Mlinzi alikuwa langoni, hatua mia. Sikumwita. Nilitaka kuwahi futari kwetu.

Niliufunga utando, nikamimina dawa, nikafungua bomba. Katika daftari nikatia alama yangu mahali pa aliyetengeneza, na alama ya Kahindi mahali pa aliyepuliza. Tone la asidi nalo sikulitia. Nikasema moyoni nitalitia asubuhi.

Asubuhi Kahindi alifika kabla yangu, vumbi la kwao bado kwenye viatu. Nilimkuta amesimama juu ya mfereji wa maji machafu, nje ya dirisha letu. Mfereji ulikuwa na povu, jeupe, zito, limefika ukingoni. Maji matupu hayatoi povu namna ile. Protini ndiyo inayotoa.

"Tumeimwaga," akasema. Hakupaza sauti. "Mwenzangu, tumeimwaga yote."

Chupa ya kupokea ilikuwa imejaa na kufurika, na lile bomba la maji ya mbio likavuta dawa ya mwezi mzima, kazi ya farasi na ya watu, likaitupa mferejini. Ndani ya utando yalibaki maji kidogo yasiyo na kitu. Tundu lilikuwa palepale penye doa.

Bwana Mkemia hakufoka. Afadhali angefoka. Alilichukua daftari, akalifungua juu ya meza, akauliza, "Nani alipuliza utando huu?"

Alama ilikuwa mbele yetu sote. Kahindi akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atasema. Nilijua nitakavyojibu kama angesema. Nilikwisha kupanga maneno yangu ya kukana, Mungu anisamehe.

"Mimi, Bwana," akasema Kahindi.

"Uliona mapovu?"

"Sikuona, Bwana."

"Basi huna macho ya kazi hii."

Siku hiyohiyo akapelekwa chumba cha kuoshea chupa. Nami nilisimama pale, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine.

Jioni nilimfuata njiani, kwenye barabara ya malori inayokwenda Chaani. Yeye ndiye aliyeanza.

"Usinisikitikie," akasema. "Ningesema sikuwepo, wangekufukuza wewe kwa kutia alama yangu. Na wewe ulipuliza hali umefunga, kwa ajili yangu, nipate kumzika baba mdogo. Utando kupasuka baadaye ni bahati mbaya. Mtu aliyenifanyia hivyo nitamtajaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lori lilipita, tukasogea kando, na lilipokwisha kupita sikusema.

Wiki kadhaa hospitali zilijibiwa kwamba dawa haipo. Sijui nani aliumwa na nyoka wiki zile. Daktari mmoja wa pwani alikuja mpaka mlangoni na sanduku la barafu, akarudi nalo tupu. Sikuwahi kuuliza alikuwa anampelekea nani. Ningeweza kuuliza.

Kahindi aliosha chupa miaka minne. Aliziosha vizuri kuliko zilivyopata kuoshwa, kwa maji ya moto na soda, akizitazama kwenye mwanga moja moja, yeye aliyeambiwa hana macho. Kila Ramadhani alinitania dirishani, "Pumzi zipo, Mdigo, au umeziacha kivukoni?" Aliyewekwa mahali pake kupuliza alikuwa mtu mzuri tu, lakini hakujua kusita kwa kidole.

Siku moja katika miaka hiyo nilimwendea shekhe wa msikiti wetu Likoni, nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza mwanzo kabisa.

"Shikamoo, shekhe. Mtu amefunga, na kazi yake ni kupuliza mpira. Saumu yake inafunguka?"

"Marahaba. Pumzi inatoka au inaingia?"

"Inatoka."

"Na maji anayameza?"

"Hamezi. Anachelea tu."

"Sasa, mwanangu, ulikuwa unaogopa nini?"

Hakujua alichoniuliza.

Uhuru ulipokaribia, Bwana Mkemia alifunga masanduku yake. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo za chumba cha tando, na kuniambia nitaje wa kunisaidia. Nikamtaja Kahindi. Akakunja uso. "Yule aliyemwaga dawa?" Ilikuwa nafasi yangu ya pili, tena rahisi kuliko ya kwanza, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa anapanda meli Jumatatu. Nikasema, "Amejifunza, Bwana." Nikayatamka maneno hayo. Amejifunza.

Kahindi alirudi mezani. Siku aliyorudi, mbele ya wafanyakazi wote, alisimulia kwa nini ananiheshimu: kwamba mimi niliihatarisha saumu yangu ili yeye akamzike baba yake mdogo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama, wakadhani ni unyenyekevu.

Tulifanya kazi pamoja mpaka nilipostaafu. Tando za kutengeneza kwa mkono zilikwisha. Zikaja za kununuliwa, kisha za plastiki zilizopangwa tabaka kwa tabaka, dawa ikipitishwa juu yake kwa mbio ili isigande usoni, nazo zinatoa kwa saa moja tulichotoa kwa siku nzima. Nimeonyeshwa mashine zenu na nimezistaajabia. Nimefurahi zaidi kuona kwamba kabla ya kuanza bado mnasukuma hewa kwenye utando na kutazama kama inavuja. Mashine ndiyo inayopuliza, na mashine haifungi wala haina haraka ya kivuko. Lakini bado yupo mtu anayeandika matokeo. Huyo ndiye ninayesema naye.

Mliponiomba niandike, nilikwenda kwanza Chaani. Kahindi sasa anatembea kwa mkongojo, na mkewe hutuwekea viti ukumbini. Nilikunywa chai yake nusu kikombe, nikamwambia.

"Hukupuliza?" akauliza.

"Sikupuliza."

"Wala mlinzi hukumwita?"

"Sikumwita. Na doa nililiona."

Mkewe alitoka na sahani ya mahamri, akatutazama, akarudi nayo ndani.

"Na tone la asidi?"

"Sikulitia."

"Wanangu wote wanaijua hadithi ile," akasema hatimaye. "Kila nikitaka kuwafundisha maana ya jirani, nakutaja wewe. Leo nitawaambia nini?"

Akaniambia niende nyumbani, nami nikaenda, na majuma mengi yakapita sijaitwa. Nilipoitwa aliniambia maneno machache tu: "Iandike. Yote. Kisha uje unisomee, maana aliyetengeneza hapulizi."

Jumapili iliyopita, baada ya wao kutoka kanisani, nilimsomea haya yote, wanawe wakiwapo. Mkubwa wao aliondoka katikati, na sikumlaumu. Kahindi alisikiliza amefumba macho. Alinisahihisha mahali pamoja: kule nyuma ya chumba cha tangi la mvuke hakuwa na muhogo, alikuwa na hindi la kuchoma. Nikamwambia nitarekebisha. Akasema, "Acha. Muhogo nao niliupenda." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai, akacheka kidogo.

Nilipomaliza nikampa kalamu, atie alama yake chini kama zamani. Akairudisha.

"Yangu uliitia mwenyewe, siku nyingi," akasema. "Tia yako."

Nami naitia. Utando wa alasiri ile: aliyetengeneza, mimi. Aliyepuliza, hakuna.